“Ship” na “Sheep”: Sikio la Kiswahili Lianzie Wapi?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja. Mwanangu wa Gredi ya Tatu alikuja na kazi ya nyumbani ya Kiingereza: apange maneno katika safu mbili, yenye irabu ndefu na yenye irabu fupi. Maneno yalikuwa “cake”, “cat”, “bike”, “give”, “dinner”, “child”, “bread” na “breakfast”. Nilimwambia kila neno lenye “e” mwishoni ni refu, na kila penye irabu mbili pamoja ni refu pia. Akarudi na alama ya X kwenye “give”, “bread” na “breakfast”. Sasa ananiuliza kanuni ni ipi, nami sina. Ukweli ni kwamba hata “ship” na “sheep” nikizisikia naona ni neno moja. Kuna kanuni kweli? Na mtu mzima kama mimi anaweza kufunzwa kusikia?

JIBU: Sijambo, dada yangu, na pole kwa hizo X, maana najua ziliandikwa kwenye daftari la mtoto zikakuchoma wewe. Kanuni uliyompa haikuwa ya uongo. Ulimpa nusu yake, na nusu iliyobaki nitakupa hapa. Lakini kwanza nizungumze juu ya sikio lako, kwa sababu ndilo ulilolilaumu, na nimeona watu wazima wengi wakiacha kujaribu pale wanapoamini sikio lao ni bovu.

Sikio lako ni zima. Ushahidi uko katika maneno tunayoyatumia kila siku hapa Nairobi. Chukua futi na buti. La kwanza lilitoka kwa “foot”, ambayo irabu yake ni fupi, la pili kwa “boot”, ambayo irabu yake ni ndefu. Yalipoingia Kiswahili, yote mawili yalipewa u ileile. Chukua bili na timu: “bill” ni fupi, “team” ni ndefu, sisi tuna i moja. Soksi na koti vivyo hivyo: “sock” inakatwa, “coat” inateleza kutoka o kwenda u, nasi tukazipa o moja. Tazama sasa basi, kadi na shati. Katika “bus”, “card” na “shirt” Mwingereza ana sauti tatu asizoweza kuzichanganya, nasi tumezipokea kwa a yetu na mambo yakaenda sawa. Waliofanya hivyo walikuwa watu wenye masikio timamu, ila lugha yao ilikuwa na irabu tano tu. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kile ambacho vitabu vyetu vya shule vimekifuata tangu zamani, kwa kawaida huhesabiwa irabu 20: 12 za sauti moja na 8 zinazoteleza. Irabu 20 zikipokelewa na lugha yenye irabu 5, lazima zibanane.

Sasa lile neno “ndefu”. Limewachanganya wazazi na hata walimu, kwa kuwa linabeba maana mbili ambazo hazifanani.

Katika madarasa ya chini, mwalimu akisema irabu ndefu anamaanisha herufi inayotaja jina lake yenyewe. Majina hayo mwanao anayaimba: A ni “ei”, E ni “ii”, I ni “ai”, O ni “ou”, U ni “yuu”. Ndani ya “cake” kuna “ei”, karibu sawa na neno letu bei ukilitamka kwa pigo moja. Ndani ya “bike” kuna “ai” ya chai. Ndani ya “home” kuna “ou”, ndani ya “cute” kuna “yuu”. Herufi isipotaja jina lake, ikatoa ile sauti ya mkato iliyo katika “cat”, “bed”, “sit”, “hot” na “cup”, mwalimu anaiita fupi. Hiyo ndiyo maana iliyo katika daftari la mwanao.

Maana ya pili ni ya wataalamu wa fonetiki na ya kamusi kubwa. Kwao irabu ndefu ni ile inayovutwa bila kubadilika njiani: “sheep”, “father”, “horse”, “food”, “bird”. Katika kamusi utaona imewekewa alama mfano wa nukta mbili, moja juu ya nyingine. Kwao “cake” na “bike” zina diftongi, yaani irabu inayoanza mahali pamoja na kuishia pengine. Sasa ona tatizo: “father”, ambayo kamusi inaiita ndefu, haina nafasi katika safu yoyote ya daftari la mwanao, kwa sababu A yake haisemi “ei” wala haikati kama ya “cat”. Mzazi mwenye bidii anayekimbilia kamusi usiku ili amsaidie mtoto anaweza kutoka hapo amechanganyikiwa zaidi. Kwa kazi ya shule fuata maana ya kwanza. Kwa mdomo na sikio lako mwenyewe fuata ya pili.

Hapa ndipo ningependa unisikilize kwa makini, maana mimi mwenyewe nilifika chuo cha ualimu bila mtu kuniambia jambo hili.

Sisi Waswahili tunaujua urefu wa irabu. Tuna kufa na kufaa, kata na kataa, koma na komaa. Mshairi akihesabu mizani, kata ni mbili, kataa ni tatu. Lakini angalia mdomo wako unaposema kataa: ile a ya mwisho ni ileile iliyotangulia, imerudiwa tu. Hakuna kilichobadilika isipokuwa muda. (Irabu pacha za namna hii nyingi zilizaliwa pale l ilipopotea katikati ya neno. Njaa yetu, kwa Waganda, bado ni njala.) Aliyepita madrasa naye anajua kuvuta madda, yaani irabu ndefu za usomaji wa Kurani, kwa harakati mbili, na huko pia kipimo ni muda. Basi tukiambiwa kwamba “sheep” ni ndefu na “ship” ni fupi, tunafanya tulichozoea: tunaichukua i yetu moja, tunaivuta kwa kondoo, tunaikata kwa meli, kisha tunashangaa mgeni akiendelea kuuliza tumesema nini.

Anauliza kwa sababu kwake muda ni msaidizi tu. Muda wenyewe hubadilika kulingana na konsonanti inayofuata. Sema “bead”, kisha “beat”. Zote zina irabu ndefu ileile, lakini t ya mwisho huibana irabu iliyo kabla yake, hata muda wa irabu ya “beat” ukakaribia ule wa “bid”, ambayo ni fupi. Kama kipimo kingekuwa muda peke yake, irabu za “beat” na “bid” zingesikika moja. Hazisikiki hivyo, kwa sababu ulimi haukai mahali pamoja.

Kwa hiyo usiwe unatafuta nani amevuta na nani hakuvuta. Tafuta sauti nyingine, irabu ambayo Kiswahili hakina. Na kuipata si vigumu ukianza na maneno yako mwenyewe.

Sema tisa. Sasa sema tesa. Umehisi ulimi ukishuka kidogo na taya likifunguka? Rudia polepole, tisa, tesa, tisa, tesa, kisha simama katikati, pale ambapo si i tena na bado haijawa e. Hapo ndipo inapokaa irabu ya “ship”. Ilegeze. Usitabasamu. Irabu ya “sheep” nayo ni ile i ya tisa yenyewe, midomo imetanuka, ulimi umekazwa juu. Kwa maneno mengine, “sheep” tayari unayo tangu utotoni. Kinachokosekana ni “ship” peke yake, na ndiyo maana kuvuta “sheep” kwa nguvu hakukusaidii: unalifanyia mazoezi neno ambalo halikuwa na shida.

Fanya hivyo kwa chuma na choma. Katikati ya u na o ndipo ilipo irabu ya “pull” na “foot”. Irabu ya “pool” na “boot” ni u ya chuma iliyokolezwa. Kisha panda na penda: taya likiwa katikati ya hizo mbili, umepata irabu ya “cat”. Na ukiitaka ya “cut”, chukua a ya kata, ifupishe, usifungue mdomo sana. Hapo umeshatenganisha paka na kukata, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi.

Irabu ya “bird” haina jirani katika Kiswahili. Acha ulimi ulale katikati ya kinywa bila kupanda mbele wala nyuma, midomo isitanuke wala isiviringike, kisha toa sauti na uivute. Hapa Kenya huwa tunaiwekea a, na hivyo “first” na “fast” zinakutana, “hurt” na “heart” zinakutana, na “bad”, “bud” na “bird” zinakuwa ndugu watatu waliovaa shati moja.

Hukutaja lugha yako ya kwanza, na ingenisaidia kuijua. Mtu wa Nairobi mara nyingi ana irabu nyingi kuliko hizo tano za Kiswahili. Gĩkũyũ na Kikamba zina irabu saba, na ile ĩ yenye kikofia inakaa kati ya i na e. Si irabu ya “ship” kamili, lakini ni jirani wa karibu mno, na mtu aliyekua nayo anafika haraka kuliko aliyekua na Kiswahili tupu. Dholuo ina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, na tofauti kati ya jozi zake inatokana na mahali shina la ulimi linapowekwa. Sikio la Mluo limezoea tangu utotoni kwamba herufi moja inaweza kuwa sauti mbili. Msomali wa Eastleigh naye huandika irabu ndefu kwa herufi mbili, tangu lugha yake ilipopewa maandishi ya Kilatini mwaka 1972. Mara nyingi tunapofundisha Kiingereza tunajifanya kana kwamba mtoto hana lugha nyingine kinywani isipokuwa ile ya darasani. Hilo huniuma, maana jibu alilolihitaji lilikuwa nyumbani kwao.

Utaniuliza kama ni lazima. Tukiongea sisi kwa sisi, tunaelewana vizuri, na Kiingereza chetu cha Kenya hakihitaji kuombewa radhi na mtu. Hata Waskoti, ambao Kiingereza ni chao, wengi wao hutamka “pool” na “pull” sawasawa. Kwa hiyo jozi hiyo ya u mimi siikazii sana. Maneno yanayogongana ni machache. Jozi ya “ship” na “sheep” ndiyo ninayoisisitiza. Katika kusahihisha insha nimekutana mara nyingi mno na sentensi inayosema mwizi “was bitten by the mob”. Mwanafunzi alitaka “beaten”, yaani alipigwa. Alichoandika ni kwamba umati ulimng'ata. Vivyo hivyo “I was filling sick” mahali pa “feeling”, na “I am living for Kisumu” mahali pa “leaving”. Makosa hayo huitwa ya tahajia, na mwanafunzi hupewa orodha ya maneno ya kunakili. Lakini kalamu yake haikukosea, iliandika alichokisikia. Na kwa miaka mingi karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, imetenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za kuongea, ingawa mtahiniwa hujibu kwa kalamu katika chumba kilicho kimya. Anayetegemea kukariri orodha pekee hupata taabu humo.

Haya, tuje kwenye maandishi, maana huko ndiko kanuni zilipo.

Kuna wakati Kiingereza kilisomwa karibu na tunavyosoma Kiswahili. Katika karne ya 14, enzi za mshairi Chaucer, “name” ilitamkwa karibu na “naame”, kwa a ndefu kama yetu, na e ya mwisho ilisikika kidogo. “Bite” ilikuwa na “ii”. Kisha, takriban kati ya mwaka 1400 na 1700, irabu zote ndefu zikahama: “ii” ikaenda kuwa “ai”, “ee” ikapanda ikawa “ii”, “aa” ikaishia kuwa “ei”, “oo” ikawa “uu”, na “uu” ikawa “au”. Mtaalamu Mdenmaki Otto Jespersen ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina lake, Mhamo Mkuu wa Irabu. Kwa bahati mbaya, William Caxton alikuwa amefungua matbaa yake pale Westminster mwaka 1476, katikati ya safari hiyo. Wachapaji wakaendelea kushikilia maandishi ya zamani wakati vinywa vinahama. Irabu fupi zilibaki karibu na zilipokuwa. Ndiyo maana leo “bit” na “bite”, ambazo zamani zilitofautiana hasa kwa muda, hazifanani hata kidogo, na bado tunaziita fupi na ndefu. Jina lilibaki, sauti ikaondoka. Kiswahili chetu sanifu, ambacho kamati yake ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, hakijapata muda wa kuachana na maandishi yake namna hiyo.

Ukishajua historia hiyo, kanuni inajieleza. Katika Kiingereza cha zamani, silabi wazi, yaani inayoishia na irabu, iliruhusu irabu yake kurefuka. Silabi funge, inayoishia na konsonanti, iliibana. Sisi silabi zetu karibu zote ni wazi, kwa hiyo hatujazoea kuangalia mlango wa silabi. Mwingereza aliyeandika “hope” alikuwa anasema ho-pe, silabi mbili wazi, o ikarefuka. E ya mwisho ikanyamaza baadaye, lakini o ikabaki na urefu wake. “Hop” ilifungwa na p, o ikabaki fupi. Ndipo tulipopata “cap” na “cape”, “kit” na “kite”, “cub” na “cube”.

Na hii ndiyo nusu ya kanuni ambayo hukuwa nayo: tazama kinachofuata irabu, usiitazame irabu yenyewe. Konsonanti moja kisha irabu nyingine, mlango uko wazi, irabu hutaja jina lake. Konsonanti mbili, mlango umefungwa, irabu ni fupi. “Diner” ni di-ner, I inasema “ai”. “Dinner” ni din-ner, I inakatwa. “Later” na “latter”, “super” na “supper”, “hoping” na “hopping”, “taping” na “tapping”. Ukimfundisha mwanao hii moja tu, atakuwa amepata ufunguo wa maelfu ya maneno, na atajua pia kwa nini mwalimu anataka herufi mbili katika “running” na moja katika “riding”. Tazama jinsi kitenzi kimoja kinavyofunguka na kufunga: “write”, “writing”, “written”. “Bite”, “biting”, “bitten”. Zile t mbili za “bitten” zinapiga kelele kwamba i ni fupi, na yule mwanafunzi wa umati ung'atao angeziona, angejua ameandika neno lisilo lake.

Ck, tch na dge hufanya kazi hiyohiyo ya kufunga mlango. “Back” na “bake”, “lick” na “like”. “Match” fupi, “badge” fupi, na “page” ndefu kwa kuwa d haipo.

Zipo konsonanti mbili ambazo hazifungi. Ild, ind na old mara nyingi huacha irabu ikitaja jina lake: “child”, “find”, “cold”. Lakini “children”, neno lilelile likiwa wengi, i yake ni fupi, kwa sababu konsonanti zilizidi kuwa tatu na irabu ikabanwa. “Wind” ya upepo nayo ni fupi. Igh haina shida sana, karibu kila mara ni “ai”: “night”, “high”, “light”.

Sasa “give”. Waandishi wa Kiingereza hawakutaka neno limalizike kwa v, kwa hiyo baada ya v waliweka e hata kama irabu haikuhitaji msaada wake. E ya “give”, “have”, “live” na “love” inamshikilia v tu, haimwambii irabu chochote. Mweleze mwanao hivyo: ukiona v kabla ya e, usiiamini e hiyo mpaka umesikia neno. Wakati mwingine inasema kweli, kama katika “five” na “drive”, wakati mwingine haisemi, na “live” yenyewe ina sura mbili: ya kuishi ni fupi, ya matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni ni “laiv”. “Come”, “some” na “love” zina kisa kingine. Sauti ilikuwa u fupi, lakini katika mwandiko wa kale u ikikaa karibu na m, n au v ilionekana kama msururu wa vijiti visivyosomeka, waandishi wakaibadilisha kuwa o ili jicho lipumzike. Maneno haya hayazidi kiganja na nusu kwa watoto wa umri huo. Yakariri, usiyatafutie kanuni.

Irabu mbili pamoja ndipo uliponaswa mara ya pili. Ee ni mwaminifu: “sheep”, “feet”, “green”. Oa, ukiondoa maneno machache kama “broad”, ni mwaminifu. Ai nayo, isipokuwa maneno machache kama “said”. Ea ndiyo kigeugeu. Katika maneno mengi ni “ii”, kama “tea”, “meat” na “beaten”, lakini kuna kundi zima lililofupishwa zamani, hasa kabla ya d: “bread”, “head”, “dead”, “ready”. “Read” inasomwa “riid” leo na “red” jana, maandishi hayahayo. Oo ina sura mbili, “food” na “good”, na mara mojamoja ya tatu, “blood”. Kwa ea na oo mtoto aambiwe ukweli kwamba maandishi hayatoshi, lazima asikie.

Kuhusu kusikia: ndiyo, mtu mzima anaweza. Nimefundisha madereva, makarani na mama wa makamo wakaweza. Linalohitajika ni dakika kumi kila siku, na kusikia kutangulie kusema. Andika jozi kumi kwenye karatasi: “ship” na “sheep”, “sit” na “seat”, “fill” na “feel”, “live” na “leave”, “chip” na “cheap”, “list” na “least”, “bin” na “bean”, “slip” na “sleep”, “rich” na “reach”, “bitten” na “beaten”. Fungua kamusi ya simu yenye alama ya spika. Mwanao abonyeze neno moja bila kukuonyesha, wewe ukiwa umempa mgongo, uinue kidole kimoja kwa fupi na viwili kwa ndefu. Akwambie papo hapo kama umepata. Hiyo papo hapo ndiyo dawa yenyewe. Kusikiliza redio saa nzima bila mtu wa kukuambia umekosea wapi hakubadilishi sikio, ndiyo sababu wengi tumesikiliza Kiingereza miaka yote na bado “ship” imetushinda. Siku za kwanza utapata nusu, kama mtu anayebahatisha. Usihesabu alama kabla ya wiki ya pili. Kisha mbadilishane: wewe useme, yeye ainue vidole. Watoto ni wakali katika jambo hili na hawachoki.

Ukiwa nje, tumia ubao wa bei wa hoteli yoyote ya Kayole au mjini. Nimewapeleka wanafunzi mbele ya ubao kama huo badala ya kitabu. “Beef”: ee, ndefu. “Fish”: fupi. “Rice”: c moja kisha e, ndefu, “ai”. “Chips”: fupi, na ukipata mahali wameandika “cheap chips” umepata jozi kamili bila malipo. “Cake”, ndefu. “Milk”, fupi, l na k zimefunga. “Tea”, ndefu. Mwachie yeye aamue kwanza, wewe uulize tu: mlango umefungwa na nini?

Sasa daftari. “Cake”, “bike” na “child” ziende safu ya ndefu. “Cat”, “give”, “dinner” na “bread” ziende safu ya fupi. “Breakfast” imebaki, na hapo mwalimu wake alikuwa sahihi kukataa, ingawa natamani angeandika sentensi moja ya kueleza. “Break” peke yake ni ndefu, “breik”, kuvunja. Likaungana na “fast”, yaani kufunga bila kula, likawa mlo wa kufungulia kinywa asubuhi, na kwa kurefuka kwa neno irabu ya kwanza ikafupishwa, ikawa “brek”. Mwonyeshe “break” na “breakfast” zikiwa zimeandikwa moja chini ya nyingine, umwombe azisome kwa sauti mkinywa chai.